Kahki za Fikriya na Mdomo wa Bisada

Kichochoro chetu pale Tahta, mji wa Misri, hakikuwahi kukosa watu wa dini. Walikuwepo waliosali kwa sauti, walikuwepo waliosali kimoyomoyo, na alikuwepo Fikriya, aliyesali kwa niaba yetu sote kisha akatupitia mlango kwa mlango kutuuliza kama na sisi tumesali. Niliishi naye ukuta kwa ukuta tangu siku nilipoolewa, kwa hiyo haya ninayoandika sikusimuliwa. Nimesoma mpaka darasa la sita, cheti ninacho, na kumbukumbu yangu haijawahi kuniaibisha mbele za watu. Anayekumbuka vingine na aandike yake.

Fikriya alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na mikono yake ilikuwa ya kukandia unga hata akiwa amekaa bure. Kwenye kifundo cha mkono wa kulia alichanjwa msalaba wa wino utotoni, kama sisi Wakopti wote, lakini wake ulitanuka kwa kazi mpaka ukafanana na ua. "Hata msalaba wangu umenenepa," alikuwa akisema, "na mimi Kwaresima nzima sionji samli."

Kipaji chake kilikuwa kukanda. Alichodhani ni kipaji chake ni kuhubiri. Muuza mafuta ya taa, Mkristo mwenzetu aliyekuwa mvivu wa kanisa, akifika kona ya kwetu alikuwa akiiviringishia kitambaa kengele ya punda wake ili Fikriya asimsikie. Haikumsaidia. Punda mwenyewe alikwisha zoea kusimama mlangoni pale, maana Fikriya alimpa maganda ya tikiti, na mwenye punda akipewa mkate wa moto na maisha ya mtakatifu mmoja, kuanzia kuzaliwa mpaka kukatwa kichwa. Mkate aliula. Mtakatifu alimsahau kabla hajavuka reli.

Lakini aliyehubiriwa kuliko watu wote wa Tahta ni mumewe, Bisada.

Bisada alikuwa dobi wa pasi ya mguu. Vijana wa leo hawaijui: chuma kizito kama jiwe la kusagia, kina mpini mrefu, unakisukuma kwa mguu wa kulia juu ya nguo iliyotandazwa kwenye ubao wa chini, huku umeushika mpini kama mtu anayeendesha mashua kavukavu. Na kabla ya pasi kupita, dobi hujaza maji mdomoni akayapuliza, yakaifunika nguo kama umande. Hakuna aliyepuliza kama Bisada. Duka lake lilikuwa chumba cha chini cha nyumba yao, dirisha la jiko la Fikriya likiwa juu yake, na mahubiri yalishuka kutoka dirishani kila siku kama maji ya kufulia.

"Baba Wanis! Abuna kasema mtu asiyesamehe ni kama kisima kilichofukiwa!"

Bisada anainua kopo, anajaza mdomo.

"Unanisikia au hunisikii?"

Anatoka nje, anaelekeza uso juu, anayaonyesha mashavu yake kwa kidole: yamejaa.

"Basi pulizia unijibu!"

Pffff! Juu ya kanzu ya mtu. Kisha anarudi ndani haraka kujaza tena.

"Labiba," Fikriya ananigeukia mimi niliye kwenye dirisha langu, "umeona mwanamume anayejificha nyuma ya maji?"

"Nimeona, mwenzangu. Hata nabii alijificha ndani ya samaki."

"Huyo alitapikwa siku ya tatu. Wangu ana miaka!"

Na kweli alikuwa na miaka. Bisada aliacha kanisa kwa ajili ya mahubiri ya Jumapili moja. Padri wetu, Abuna Bakhum, alisema siku hiyo kwamba wako watu wanaokuja nyumbani kwa Mungu kusinzia, na aliposema akamtazama Bisada. Bisada akasema hakusinzia, alikuwa amefumba macho kwa unyenyekevu. Alivaa viatu vyake akatoka, na toka hapo hakukanyaga tena. Tena akatangaza kwamba kufunga atafunga, kusali atasali, ila atasalia kwake, penye pasi, ambapo hakuna anayemtazama.

Nitasema na jambo jingine kwa sababu ni haki yake. Mavazi meupe ya Abuna na ya mashemasi yalipigwa pasi na Bisada miaka yote hiyo. Yakiletwa, nguo za watu zilingoja, hata ziwe za mkuu wa polisi. Alibadilisha maji ya kopo, akanawa uso, akachora ishara ya msalaba, ndipo akapuliza. Mavazi yalikwenda kanisani, aliyeyanyoosha akabaki dukani.

Mwaka ninaousema, mwanzoni mwa Kwaresima, Abuna alituambia katika mkutano wa wanawake kwamba imani haiwekwi kabatini kama shuka za harusi, na kwamba kila mmoja wetu amlete mtu mmoja aliyepotea. Wengine walitaja wifi, wengine jirani. Fikriya alisimama.

"Mimi wangu niko naye kitanda kimoja, Abuna. Na ndiye mzito kuliko wote. Alhamisi ya Agano atapokea Komunyo pamoja nami."

Wanawake wakacheka. Njiani kurudi nilimtania, nikamwambia angechagua mwepesi zaidi, muuza mafuta ya taa kwa mfano. Hakucheka. "Labiba, kila Pasaka nasimama upande wetu wa wanawake, natazama upande wa wanaume, naona waume wa watu. Nikirudi nyumbani nakula sikukuu na mtu aliyeketi mezani kama mgeni. Nisipoweza kumleta aliye mtoni mwangu, nitampelekea Bwana nani?" Mtoni alimaanisha mto wa kulalia, lakini machozi yalikuwepo, ungeweza kuvuka kwa mashua.

Basi Kwaresima nzima alimpiga mizinga. Akaweka picha ya mtakatifu Mari Girgis na farasi wake chini ya mto, Bisada akaamka na alama ya kwato shavuni. Akasoma zaburi za alfajiri kwa sauti ya muuza nyanya. Akampikia dengu siku kumi mfululizo kwa sababu aliota mtakatifu fulani aliishi kwa dengu. Bisada alikula, akajaza maji mdomoni, akapuliza.

Sasa, lazima nieleze habari ya kuonja, maana ndipo kisa kinapokaa.

Sisi kahki za Pasaka, vile vibiskuti vya samli na sukari, tunazioka Juma la Mateso, siku tusizoruhusiwa samli wala maziwa wala yai. Unakanda unga kwa samli mpaka mikono inang'aa, harufu inakuua, na huruhusiwi kulamba kidole. Nani atakwambia kama sukari imetosha? Kwetu aliyetuambia ni Hajjati Rauhiya, Mwislamu, mlango wa pili kutoka kwa Fikriya. Alionja kahki zetu kila mwaka, na alionja kwa dhamiri sana, tena mara mbilimbili. Na Ramadhani ikifika, Fikriya alikuwa akienda jikoni kwa Hajjati saa za alasiri kuonja chumvi ya mchuzi wa futari. Hivyo ndivyo tulivyoishi; kila mmoja alikuwa na ulimi wa mwenzake.

Mwaka ule Ramadhani na Kwaresima zilikutana, na Juma la Mateso likaangukia katikati ya Ramadhani. Kichochoro kizima hakikuwa na ulimi hata mmoja.

"Subirini adhana ya magharibi nitawaonjea," Hajjati alisema.

"Magharibi sisi tuko kanisani kwenye sala ya Mateso," nikamwambia, "na mwenye tanuri la mtaa huzima moto ili naye akafuturu."

"Gusa kwa ncha ya ulimi kisha uteme," mmoja akamshauri Hajjati.

"Mimi? Na samli ya nyati? Nitaitema hiyo?" Hajjati akaweka mkono kifuani. "Mungu anijaribu kwa mambo ninayoyaweza."

Fikriya akasema hakuna haja ya kuonja, mkono wake unajua. Siku hiyo, Jumatano, alikuwa akikanda unga wa kichochoro kizima. Kila nyumba ilileta unga wake na samli iliyojinyima, wajane na wenye watoto wengi, na fungu la kuwapelekea vijana walio jeshini, Wanis, mwana wa Fikriya, akiwa mmoja wao. Beseni lilikuwa kubwa la kuogea. Nami nilikuwepo kwenye dirisha langu, nikichambua ufuta.

Alikuwa amefikia sukari alipokumbuka kwamba kesho ndiyo Alhamisi ya Agano, na Bisada hajatamka neno. Akatoa kichwa dirishani.

"Baba Wanis! Kesho! Unajua kesho ni nini?"

Chini, kopo linainuliwa. Mdomo umejaa.

"Siku kama ya kesho Bwana aliwaosha miguu hata waliomkimbia! Hata yule aliyemuuza! Na wewe umekimbia kwa sababu ya kutazamwa! Kutazamwa tu!" Na huku akihubiri, mkono wake ulikuwa ndani ya kopo, ukichota na kumimina, ukichota na kumimina, kadiri mahubiri yalivyopanda ndivyo mkono ulivyokwenda. Makopo yalikuwa mawili, ya bati, yamefanana, moja la sukari na moja la chumvi. Mkono wake ulijua kila kitu, lakini macho yake yalikuwa kwa mumewe.

Akafunika beseni kwa shuka safi, akaliteremsha kwa msaada wangu mpaka ukumbi wa chini penye ubaridi, akaenda kujilaza kidogo.

Yaliyofuata Bisada mwenyewe alinisimulia baadaye. Alikwenda ukumbini kuchukua mafuta ya jiko lake la kupashia pasi. Akaona shuka limevimba. Akanusa. Akasema moyoni, "Nachungulia tu." Kidole kikachungulia naye. Na hiyo si mara ya kwanza, akakiri, kwani ule mfungo aliokuwa akiutangaza ulikuwa na matundu mengi kuliko shati la mvuvi. Siku nyingi mchana alikuwa akila jibini nyuma ya kabati la nguo.

"Nikaweka kidole mdomoni, Labiba. Mungu wangu! Bahari!"

"Ukafanya nini?"

"Nikanyamaza. Ningesema nini? Ingekuwa tamu ningenyamaza mpaka kaburini."

Akarudi kwenye pasi. Akasukuma. Akawaza: nikisema, kichochoro kizima kitajua kwamba Bisada anakula samli Juma la Mateso. Nisiposema, zitaokwa, na usiku wa Pasaka, baada ya mfungo wote ule, kila nyumba itauma chumvi kwa wakati mmoja na kumtaja Fikriya. Akasukuma tena, akaunguza kola ya mtu. Bisada alikuwa hajapata kuunguza kola tangu enzi za mfalme.

Alasiri tukatoka. Tulikwisha zitengeneza na kuzitia nakshi kwa koleo, tukazipanga masiniani, na sasa tulikwenda mstari mmoja kuelekea tanuri, masinia vichwani, Fikriya mbele kama malkia, mimi nyuma yake. Hajjati Rauhiya alikuwa barazani kwake akitupigia vigelegele. Mlangoni pa duka la Bisada alisimama Ustadh Mitwalli, mwalimu mkuu wa shule, Mwislamu, saumu imemkausha midomo, amekuja kuulizia suruali yake.

Bisada alituona tunapita. Mdomo wake ulikuwa umejaa maji. Nilimwona kwa macho yangu: mashavu yamevimba, macho yametoka, anatazama sinia la kwanza, la pili, la tatu. Fikriya alikwisha mpita. Ndipo ikatoka, yote kwa pamoja, maji na neno.

"CHUMVIII!"

Maji yakamwenea Ustadh Mitwalli uso mzima.

"Saumu yangu!" Ustadh akapiga kelele. "Yameingia! Hajjati, yameingia?"

"Ulikuwa umefumba mdomo?"

"Nilikuwa naulizia suruali!"

"Basi tema, na Mungu ni mwenye kusamehe. Bisada, una wazimu?"

Bisada alikuwa amekwisha simama katikati ya njia, pasi yake ya mguu ameiacha juu ya nguo inafuka moshi. "Zirudisheni. Msizioke. Ni chumvi, si sukari. Fikriya, umetia chumvi."

Fikriya akageuka polepole, maana mtu mwenye sinia kichwani hageuki kwa hasira. "Nani kakwambia?"

Kila mmoja wetu alikuwa akifanya hesabu ileile: sisi tumefunga, Waislamu wamefunga, nani basi ameonja?

Bisada alitazama kopo lake. Lilikuwa tupu, hana pa kujificha.

"Mimi," akasema. "Nimeonja. Na jana nilikula jibini. Na juzi. Sijafunga, Mama Wanis. Nimekudanganya Kwaresima nzima na ile iliyopita. Lakini hizo kahki usizioke, watu wasikucheke."

Mjane mmoja akaanza kusema "Aibu, mzee mzima..." Hajjati akamkata. "Aibu gani? Kichochoro kizima hakina ulimi, Mungu katubakishia mmoja. Mshukuruni!"

Sote tukamgeukia Fikriya tukingoja mahubiri. Nilisema moyoni, leo itakuwa kuanzia Adamu. Fikriya akatua sinia lake kizingitini. Akaketi kando yake. Akachovya kidole kwenye unga, akakipeleka puani, akakumbuka, akakipangusa kwenye nguo.

"Sema kitu," Bisada akamwambia.

Fikriya akakipangusa kidole mara ya pili.

"Fikriya. Nihubirie basi."

Fikriya akamtazama, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. "Umejianika mbele ya watu wote kwa ajili ya kahki?"

"Kwa ajili ya kahki gani! Kwa ajili yako, mama we."

Nguo iliyokuwa ikifuka moshi ilikuwa suruali ya Ustadh Mitwalli. Hilo lilikumbukwa baadaye.

Tuliuokoa unga ule. Wanawake wa kwetu hawatupi samli. Tuliongeza unga mkavu na ufuta na habasoda, tukaoka mikate midogo ya chumvi, na sikukuu ile kila mgeni aliyekula aliomba maji. Kuhusu kahki tamu, Hajjati Rauhiya alikwenda ndani akarudi na samli aliyoiweka kwa ajili ya Idi yake na sukari yake yote. Tukakataa. Akasema tukikataa hatatuonjea tena maisha yake. Tukapokea.

Bisada hakungoja kuitwa. Jioni ile alichukua vazi jeupe la Abuna na kitambaa cha kitani cha kesho, alivyokwisha vinyoosha asubuhi, akavikunja juu ya mkono, akavipeleka mwenyewe. Tulimwona kutoka upande wetu wa wanawake kanisani akiingia kwa mlango wa pembeni. Waliyoongea kwenye maungamo ni yao na Mungu. Sehemu moja tu ilitoka, kwa sababu Abuna alicheka kwa sauti na kanisa lina mwangwi.

Wapendwa, Abuna Bakhum alikuwa na jicho moja linalokwenda njia yake. La kulia likikutazama wewe, la kushoto linatazama nguzo, na kila mtu kanisani aliwahi kudhani amekaripiwa. Sisi tuliokaa mbele tulikwisha zoea.

"Mimi nikutazame wewe?" Abuna alisema. "Ewe Bisada! Nilikuwa namtazama Ghattas, alikuwa anakoroma nyuma ya nguzo!"

"Ghattas?"

"Ghattas, ndugu yangu. Na yeye hajui mpaka leo. Hakuacha kuja hata Jumapili moja. Kila wiki anakuja, kila wiki anakoroma."

Asubuhi ya Alhamisi, Abuna alifanya ibada ya kuosha miguu. Wanaume wakakaa safu, soksi mkononi. Bisada aliuficha mguu wake wa kulia nyuma ya wa kushoto, kwa maana ule mguu wa kazi ulikuwa umekuwa mweusi na mgumu kama pasi yenyewe. Abuna akaja na beseni, kitani kiunoni, akautafuta, akautoa, akaushika kwa mikono miwili bila haraka. Huo mguu ndio ulionyoosha kila uzi aliovaa padri siku hiyo. Kanisa zima tulilijua hilo, hakuna aliyelitamka.

Aliyetamka ni Bisada. Aliinama, na kwa sauti aliyodhani ni ya chini akasema, "Abuna, umekikunja vibaya. Hapa pembeni pana mkunjo."

"Nyamaza, upo kanisani," Abuna akamwambia.

Upande wetu, Fikriya alishika mkono wangu akaufinya mpaka nikaona nyota. Alikuwa akitazama upande wa wanaume, na safari hii alikuwa na wa kumtazama. Walipokea Komunyo asubuhi ile, yeye kwetu na Bisada kwao. Nilimwona Bisada akirudi mahali pake na kitambaa mdomoni, kama sisi sote tunavyofanya, na baadaye akanywa maji ili chembe isibaki. Haya aliyameza.

Mwaka uliofuata miezi ikakutana tena. Jumatano ya Juma la Mateso Hajjati akaja mlangoni kwa Fikriya, mikono kiunoni.

"Haya, niambieni. Nani atatuonjea mwaka huu? Mtu wetu mmoja tuliyekuwa naye mmempeleka kanisani!"

"Anafunga kama mtawa," Fikriya akasema kwa majivuno. "Jibini anaigeuzia uso."

"Basi tumekwisha."

"Hatujaisha. Nimepata dawa."

Muuza mafuta ya taa alikuwa akipita chini wakati huo, kengele ya punda imeviringishiwa kitambaa, na nilimwona Fikriya akivuta pumzi kama mtu anayetaka kuanza tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Kisha akakumbuka. Akachukua kopo la Bisada, alilokwisha liweka tayari dirishani, akajaza maji mdomoni mpaka mashavu yakatuna, akafungua kopo la sukari, akaanza kupima.